Mionzi Kidogo Mwilini: Ya Kuogopa na Isiyo ya Kuogopa

Kipindi cha afya. Mazungumzo ya mtangazaji mmoja, kutoka Rumonge.

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu)

Mlioko Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda na Musenyi, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa bado hapa kandokando ya ziwa, karibuni.

Leo nazungumza nanyi kutoka Rumonge. Ni asubuhi. Mitumbwi imerudi, ndagala wameanikwa juani, na harufu ya mawese imejaa sokoni. Wengi wenu mliovuka ziwa kutoka Fizi, Baraka na Uvira mnaujua ufuo huu. Kwa wengine hapa ndipo mlipokanyaga nchi kavu baada ya usiku mzima majini, watoto wakiwa wamelowa.

Mada yetu ni mionzi. Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Sisi wa Burundi na wa Kongo, tuliozoea maneno ya Kifaransa, tukipigwa picha ya kifua hospitalini tunasema "nimepita radio". Watanzania wanasema eksirei. Ni kitu kilekile. Lakini redio hii unayoisikiliza sasa haitoi mionzi ya namna hiyo. Ikikuumiza, basi ni maneno ya mtangazaji tu.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya watu wawili.

Wa kwanza ni mama mmoja mkimbizi aliyenisimamisha hapa sokoni. Alinishika mkono, akasema: "Mwanangu, nimeambiwa nina saratani ya mlango wa kizazi. Nikipata nafasi, nitapelekwa nje ya nchi kupigwa mionzi siku ishirini na tano. Lakini majirani wananiambia mionzi ndiyo inayoleta saratani. Sasa nitaponaje kwa kitu kinacholeta ugonjwa wenyewe?"

Wa pili ni kijana mwenye watoto wanne. Anakohoa mwezi wa pili sasa. Ameambiwa apite radio ya kifua, akakataa. Anasema radio inamaliza damu na kuua nguvu za kiume. Kila usiku analala chumba kimoja na watoto wake, na anaendelea kukohoa.

Mama na huyu kijana wanaogopa kitu kimoja. Lakini kinachomhusu mama si sawa na kinachomhusu kijana, na hapo ndipo watu wengi tunapochanganya mambo. Basi tulia, vuta kigoda, tuelezane polepole.

(Muziki mfupi)

Mionzi ni nini? Ni nguvu inayosafiri bila kuonekana, bila harufu, bila sauti. Ile ya radio ya kifua iligunduliwa mwaka 1895 na Mjerumani Wilhelm Röntgen. Inapenya nyama, inazuiwa na mfupa, ndiyo maana daktari anaona mbavu zako bila kukupasua.

Lakini usidhani mionzi ilianza na hospitali. Imo duniani tangu zamani. Inatoka angani, inatoka kwenye udongo na mawe. Milimani kule Gakara, kabla hujafika Bujumbura, kuna madini adimu, na baadhi ya mawe yake yana toriamu, kitu kinachotoa mionzi chenyewe. Hata ndizi na maharage unayokula yana mionzi kidogo sana. Kila mtu hupata mionzi ya namna hiyo kila siku, awe mkulima, mvuvi au rais.

Wataalamu huipima kwa kipimo kinachoitwa milisiveti. Kwa wastani wa dunia nzima, mtu hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka angani, ardhini na kwenye chakula. Picha moja ya kifua ni takriban sehemu moja ya kumi ya milisiveti, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Yaani ukipita radio ya kifua mara moja, umeongeza kile ambacho ungepata kwa siku kumi au kumi na tano za kukaa tu nyumbani kwako.

Sasa, je, hicho kidogo kinafanya nini mwilini? Hapa nataka wavuvi wanisikilize vizuri, maana mfano nimeuchukua kwenu.

Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa seli, mabilioni kwa mabilioni. Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu unaobeba maagizo yote ya kazi yake: ikue lini, igawanyike lini, ife lini. Uzi huo unaitwa DNA. Chukulia kwamba kila seli ni kundi la wavuvi, na uzi huo ndio wavu wao. Mionzi ikipita, inakata nyuzi za wavu. Mionzi kidogo hukata nyuzi chache, mionzi mingi huchana wavu wote.

Mvuvi mzuri wa Rumonge anafanya nini akirudi asubuhi na kuona tundu? Haingii tena ziwani usiku ule bila kutazama. Anautandaza wavu mchangani, anakaa chini na sindano yake, anashona. Wakati wa mbalamwezi, taa zinaposhindwa kuvuta ndagala, wavuvi hukaa nchi kavu na kushona nyavu zao. Na wavu ukiwa umeoza kiasi cha kutoshoneka, mvuvi mwenye akili anauacha kabisa, kwa sababu wavu mbovu utawaponza wote.

Seli nzima inafanya vivyo hivyo. Mionzi ikikata uzi wake, inasimamisha kazi ya kugawanyika. Inaita mafundi wake, inashona. Tundu dogo huzibwa kwa dakika chache. Matundu makubwa huhitaji saa kadhaa. Ikiona haiwezi kushona, seli hiyo inajiua yenyewe ili isizae seli mbovu. Kuna protini moja, wataalamu wanaiita p53, iliyo kama mzee wa bandari. Kazi yake ni kusema: "Leo hakuna kutoka, shoneni kwanza."

Sasa saratani ni nini? Ni kundi la wavuvi waliokataa kumsikiliza mzee wa bandari. Katika yapata nusu ya saratani zote, p53 hiyo imeharibika. Seli ya saratani haipumziki, haitazami wavu, inaingia ziwani kila usiku, mbalamwezi au giza. Inagawanyika na kugawanyika. Inaweza kushona kidogo, lakini hovyo na kwa haraka. Kwa muda inaonekana ina nguvu kuliko wenzake. Lakini matundu yanajikusanya. Ikichanwa tena na tena kabla haijashona, siku moja inapojaribu kugawanyika, wavu wote unakatika na seli inakufa.

Wapendwa, ukielewa hapo umeelewa jibu la mama yetu wa sokoni.

(Muziki mfupi)

Tuanze na kijana, jibu lake ni jepesi.

Ndugu yangu, nyuzi zinazokatwa na picha moja ya kifua ni chache sana, na seli zako nzima zimezoea kushona nyuzi kama hizo kila siku ya maisha yako. Picha ya kifua haimalizi damu. Haiui nguvu za kiume. Haipigwi hata sehemu hiyo ya mwili. Lakini kikohozi kinachozidi wiki mbili kinaweza kuwa kifua kikuu, na kifua kikuu kinaambukiza mke na watoto kwa hewa mnayovuta pamoja. Kinatibika kwa dawa, kikijulikana. Weka kwenye mizani: upande huu siku kumi za mionzi ya kawaida, upande huu mapafu ya watoto wanne. Wewe ni baba, chagua.

Wengine kati yenu mmepangiwa kupelekwa nchi ya tatu, na katika vipimo vya safari mnapigwa picha ya kifua. Msiikimbie. Ila mama mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia chumba cha picha. Asione haya. Mtoto aliye tumboni, seli zake zinagawanyika haraka mno, kwa hiyo tunamlinda zaidi kuliko mtu mzima. Mhudumu ataamua kama picha isubiri, au ipigwe huku tumbo likifunikwa.

Je, hii ina maana mionzi kidogo haina hatari kabisa? Hapana, nisiwadanganye. Wanasayansi wamewafuatilia watu walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945. Wamewafuatilia pia wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa mitambo ya nyuklia Ufaransa, Uingereza na Marekani. Wameona kwamba kadiri mtu alivyokusanya mionzi mingi zaidi, ndivyo uwezekano wa saratani ulivyopanda. Kwa kipimo kidogo hupanda kidogo sana, kiasi cha kuhitaji kuhesabu maelfu ya watu ndipo uone tofauti. Mara mojamoja seli inashona vibaya, na mshono mbaya unaweza kuwa mwanzo wa saratani baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo kanuni ya madaktari duniani ni hii: mionzi itumike pale tu faida inapozidi hatari, na iwe kwa kiasi kidogo kinachotosha. Usiikatae picha unayoihitaji, wala usimlazimishe muuguzi akupige picha usiyoihitaji. Kuna wanaodhani hawajatibiwa hadi wapite radio. Ndugu, radio si dawa. Ni jicho tu la daktari.

Na hapa niwaonye. Maabara zimeonyesha jambo la kushangaza. Mwaka 1984 watafiti walizipa seli za damu ya binadamu mionzi kidogo sana, kisha wakazipa mionzi mikubwa zaidi. Seli zile zilizoonjeshwa kwanza ziliharibika kidogo kuliko zile ambazo hazikuonjeshwa. Ni kama wavuvi walioona tundu dogo wakaandaa sindano na uzi mapema. Lakini miaka ya 1990 watafiti wengine wakaona kinyume chake. Baadhi ya seli, zikiwemo za saratani, hufa zaidi ya ilivyotarajiwa kwa kipimo kidogo sana, kwa sababu tundu ni dogo mno hata mafundi hawaamki. Basi mionzi kidogo ina mambo mengi, na inategemea ni seli gani.

Wafanyabiashara wameusikia utafiti wa namna hiyo nusunusu, wakaanza kuuza mikufu na mawe wakidai yana "mionzi ya uponyaji". Mwezi Desemba 2021, mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi iliwaonya wananchi wasivae mikufu ya namna hiyo iliyokuwa ikiuzwa kama kinga, maana ilikuta inatoa mionzi kweli, mchana na usiku, kwenye ngozi ya mvaaji. Mtu akikuletea jiwe kama hilo kambini, shika pesa yako.

(Muziki mfupi)

Sasa nakurudia, mama yangu wa sokoni.

Uliuliza: nitaponaje kwa kitu kinacholeta ugonjwa? Mama, swali lako ni la haki. Mionzi ya tiba si kidogo kama ya radio ya kifua. Kipimo cha siku moja tu kinazidi picha ya kifua kwa zaidi ya mara elfu kumi. Kingemwagwa mwili mzima kwa siku chache mfululizo, kingemuua mtu. Lakini hakimwagwi mwili mzima. Mashine inalenga pale penye ugonjwa, kutoka pande mbalimbali, na sehemu nyingine za mwili zinapata kidogo tu.

Na hakitolewi chote siku moja. Hapo ndipo ilipo siri. Katika miaka ya 1920 huko Paris, daktari Claudius Regaud alifanya majaribio kwa kondoo dume. Alitaka mionzi izifikie seli zinazotengeneza mbegu za uzazi, seli zinazogawanyika haraka kama zile za saratani. Alipotoa kipimo kikubwa kwa mara moja, ngozi iliungua vibaya. Alipokigawa kwa siku kadhaa, zile seli za haraka zilikufa, lakini ngozi ilibaki salama. Ngozi ilikuwa imepata muda wa kushona. Mwenzake, Henri Coutard, akaanza kuwatibu wagonjwa wa saratani ya koo hivyohivyo, kidogo kila siku kwa wiki nyingi, na baadhi yao wakapona. Mpaka leo dunia nzima inafuata njia hiyo.

Ndiyo maana umeambiwa siku ishirini na tano. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, halafu kwa saratani yako huongezwa mionzi ya ndani, inayowekwa karibu kabisa na uvimbe. Leo mashine inachana nyavu zote mbili, ya seli nzima na ya saratani. Usiku seli nzima zinashona. Kesho asubuhi unarudi. Seli nzima ziko tayari, saratani bado ina matundu ya jana, na inaongezewa mengine. Haba na haba hujaza kibaba, mama, na kibaba hiki ni cha kuiua saratani.

Lakini mfano huu una upande wa pili, nao ni mkali. Ukikosa siku, unayempa mapumziko ni adui. Seli za saratani zilizobaki hai zinagawanyika tena. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tafiti zinaonyesha kwamba tiba ikichelewa kupita muda wake, uwezekano wa kuimaliza hupungua kwa takriban asilimia moja kwa kila siku inayoongezeka. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, pale Mulago mjini Kampala, iliharibika moja kwa moja. Ilipita zaidi ya mwaka kabla mashine mpya haijaanza kazi. Waliokuwa katikati ya tiba ndio waliojua uchungu wa kukatishwa. Kwa hiyo ukipata nafasi, panga mapema: nani atabaki na watoto, nani atakusindikiza, utalala wapi. Ukianza, maliza.

Nikuambie na yale ambayo watu huficha. Utachoka. Unaweza kuharisha, au kuhisi kuchomeka ukienda haja ndogo. Hizo ni seli nzima za jirani, zinalalamika huku zikishona. Nyingi hutulia baada ya wiki kadhaa. Mwanamke anayepigwa mionzi nyongani kwa kawaida hawezi kushika mimba tena, na hedhi hukoma. Uliza hayo mapema, wewe na mume wako mkae na daktari. Lakini ukitoka kwenye mashine ya nje, hubaki na mionzi mwilini. Unaweza kumbeba mjukuu wako, kula naye sahani moja, kulala naye. Asikutenge mtu.

Ugumu uliobaki naujua. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Burundi wanaohitaji tiba hii wamelazimika kusafiri nje: Tanzania, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam au Bugando kule Mwanza, au Rwanda, au Uganda. Kwa mkimbizi kuna hatua moja zaidi. Rufaa za namna hii hupitia kamati, na kamati haiwezi kumpeleka kila mtu. Huangalia gharama, na huangalia kama ugonjwa bado uko pale unapoweza kupona. Sitawaahidi nisichoweza kuwapa. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenye saratani iliyogunduliwa mapema ana nguvu zaidi mbele ya kamati, na ana nguvu zaidi mbele ya ugonjwa.

Kwa hiyo, mama na dada zangu: ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma kabisa, nenda kituo cha afya wiki hii. Ukipapasa titi ukakuta uvimbe, nenda. Kipimo cha mlango wa kizazi kwa siki ni cha dakika chache na hakihitaji mionzi. Na ninyi akina baba: kidonda cha mdomoni kisichopona, uvimbe shingoni usioisha, msikae navyo.

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza habari ya nyavu. Marehemu mume wake alikuwa mvuvi wa Baraka, kwa hiyo sikuhitaji kurudia. Alikaa kimya, kisha akasema: "Kumbe ndiyo maana si siku moja. Wakiniita nitakwenda, na sitakosa hata siku." Jibu la kamati bado halijafika. Tunasubiri naye.

Na yule kijana, kama unanisikia: chumba cha picha kinafunguliwa asubuhi. Nenda kesho.

Wapendwa, ni hayo kwa leo. Kaeni salama, na mtunzane. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia)

Kwa vikundi vya wasikilizaji, baada ya kipindi jadilianeni:

1. Katika kambi yetu, watu wanasema nini kuhusu kupita radio? Kipi ni kweli, kipi ni hofu tu?

2. Kwa nini tiba ya mionzi hugawanywa kwa siku nyingi? Elezaneni kwa mfano wa nyavu, au kwa mfano wenu wenyewe.

3. Jirani yetu akipata nafasi ya kwenda kutibiwa mbali kwa wiki kadhaa, sisi tutamsaidiaje ili asikose hata siku moja?